Mfuko, sinia, sahani au chupa: kazi ya mikono ya Pasaka ya Kiyahudi kwa mtoto anayesumbuliwa na mguso na kelele

Mwaka wangu wa kwanza wa kulea watoto katika nyumba ya Kiyahudi huku New Jersey, nilikanda unga wa ngano jikoni siku mbili kabla ya Pasaka. Nia ilikuwa njema. Mtoto mdogo anapenda kufinyanga, nikaona tutafinyanga sahani. Mama yao alipoingia akakuta beseni la unga mbichi juu ya meza aliyoisugua tangu Jumapili, alinyamaza kwanza, kisha akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. Unga wa ngano ukishalowa maji ukakaa, kwao ni hametsi, kitu chenye chachu, na hametsi, isiyotakiwa nyumbani wakati wa Pasaka, ndiyo hasa aliyokuwa akiifukuza wiki nzima. Tulibeba beseni nje, tukasugua upya.

Nimekaa nao miaka sita sasa. Watoto ni wawili. Mkubwa ana usonji: hagusi gundi wala kitu chochote cha majimaji, na kelele ya ghafla humtoa machozi. Mdogo ni kinyume chake. Husukuma, hufinya, hulalia vitu, na akikosa cha kufinya hukufinya wewe. Kuwatafutia hawa wawili kazi moja ya mikono ya sikukuu kumenifunza mengi, na naona yaya wenzangu wengi, pamoja na ndugu zetu waliooa au kuolewa katika familia za Kiyahudi, hukwama palepale nilipokwama mimi.

Pasaka ninayoizungumzia ni ile ya Waisraeli kutoka Misri, inayoanza kwa mlo wa usiku uitwao Seder, jioni ya kuamkia tarehe 15 ya mwezi wa Nisani. Mwaka 2027 itakuwa jioni ya Aprili 21. Huendelea siku saba Israeli, na siku nane kwa Wayahudi wengi wa nje.

Ninavyopima

Kila kazi naipima kwa maswali matano.

Mkono utakutana na nini? Kikavu au cha majimaji, laini au cha kukwaruza, chepesi au kinachotaka nguvu? Mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, A. Jean Ayres, ndiye aliyefafanua katika miaka ya 1960 na 1970 jinsi ubongo unavyopokea na kupanga habari za hisi, na alihesabu zaidi ya zile tano tulizofundishwa shuleni. Ipo pia hisi ya misuli na viungo, ile inayokujulisha mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Mtoto anayefinya kila kitu huenda anaitafuta hiyo, na anayekwepa gundi hana ukaidi wowote: ngozi yake inampigia kelele. Tangu 2013, mwongozo wa Marekani unaotumiwa kutambua usonji unataja kuzidi au kupungua kwa hisi miongoni mwa dalili zake.

Sikio na pua je? Muda nao: inaweza kukatizwa mtoto akichoka, ikaendelea kesho bila kuharibika?

Swali la nne ni hametsi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoumbuka. Nafaka tano zinahusika: ngano, shayiri, oti, rai na spelti. Zikikutana na maji zikakaa zaidi ya dakika 18 kabla ya kuokwa, zimeshachachuka kisheria, hata kama hujatia hamira. Kwa hiyo unga wa chumvi wa kufinyanga umo, tambi za kutunga kwenye uzi zimo, na ule unga wa rangi wa kuchezea unaouzwa kwenye vikopo mara nyingi umetengenezwa kwa ngano, kwa hiyo nao umo. Halafu kuna kundi la pili, kitniyoti: mchele, mahindi, maharage na jamaa zao. Wayahudi wa Kisefaradi, wenye asili ya Uhispania na Ureno, wengi wao hula wali wakati wa Pasaka bila tatizo. Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa desturi hawali, ingawa mwishoni mwa 2015 kamati ya sheria ya mrengo mmoja wa dini yao uitwao Conservative iliruhusu. Lakini hata kwa wasiokula, kilichokatazwa ni kula. Kuwa nayo nyumbani au kuichezea hakukatazwi. Hata hivyo uliza mwenye nyumba, maana wapo wasiotaka kuona punje jikoni mwao, na jiko ni lao.

Kuna na jambo la siku. Familia zinazoshika sheria hazikati, hazishoni, hazipaki rangi wala kuandika katika siku kuu za mwanzo na za mwisho. Maliza kazi kabla jua halijazama.

Swali la tano, ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote: kitu hiki kitafanya kazi gani mezani usiku wenyewe? Haggada, kitabu kinachosomwa kwenye Seder, kinataja watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Kwa huyu wa nne mzazi anaambiwa asingoje swali. Amfungulie yeye mazungumzo. Mkubwa wetu nilipomkuta alikuwa na maneno yasiyozidi kumi, na mapema katika Seder huja maswali manne ambayo kwa kawaida huulizwa na mtoto mdogo kuliko wote mezani. Yeye hakuuliza. Lakini alipokuwa ameshika kitu alichokitengeneza, watu walimuuliza yeye.

1. Mfuko wa afikomani

Mezani huwa na matza tatu, yaani mikate bapa isiyochachuka. Mwanzoni mwa Seder ile ya katikati huvunjwa, na kipande kikubwa hufichwa. Hicho ndicho afikomani. Baada ya chakula watoto hukitafuta, na mlo haufungwi mpaka kipatikane. Mfuko wake ni kitambaa cha kama sentimita 20 kwa 25, kilichoshonwa pande tatu.

*Mkono.* Mkavu kabisa. Tatizo ni kitambaa chenyewe. Maduka ya vifaa vya ufundi yatakuuzia felti, na mkubwa wetu aliigusa mara moja akaufuta mkono kwenye suruali kana kwamba imemng'ata. Nikaenda chumbani kwangu nikatoa leso yangu kuukuu, iliyofuliwa Mombasa na huku mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Akaiweka shavuni. Basi, kitambaa kikapatikana. Somo nililopata ni kumpa mtoto vipande vitano sita achague kwa shavu, macho yasubiri. Kwa anayetafuta nguvu, sindano butu ya plastiki na uzi mnene wa sufu kwenye kitambaa kigumu humpa cha kuvuta.

*Sikio na pua.* Kimya. Epuka tu vifungo vya kunata vinavyokwaruzana. Ule mlio wa kubandua umewahi kutuharibia mchana mzima. Funga kwa utepe.

*Muda.* Kupiga bandi pande tatu humchukua mtoto wa miaka minane kama saa nzima, ila unaweza kuigawa siku nne na hakuna kitakachokauka wala kumwagika. Kwa hili mfuko hauna mpinzani.

*Hametsi.* Haihusiki. Kitambaa kiwe tu safi, kisicho na makombo ya mikate ya jana.

*Mezani.* Unatumika mara mbili, matza inapovunjwa na inapotafutwa, na kati ya hapo mtoto ana sababu ya kungoja. Wayahudi wengi wa asili ya Kisefaradi na ya nchi za Kiarabu hufunga matza kitambaani wakaibeba begani, wakiigiza Waisraeli waliotoka Misri na unga wao mabegani. Mdogo wetu tulimfungia mzigo wa leso na vitabu viwili ndani, akazunguka meza. Uzito ule ulimtuliza kuliko maneno yetu yote.

Kwenye leso yangu pindoni pameandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Baba yao aliuliza maana yake. Nilipomfasiria alikaa kimya, kisha akafungua Haggada akanionyesha maneno yanayosomwa matza inapoinuliwa: kila mwenye njaa na aje ale. Tangu siku hiyo leso ile si yangu tena.

*Anayemfaa.* Mwenye ngozi nyepesi kuudhika, mwenye kutaka kazi ya polepole. Haimfai asiyeweza kukaa, wala mwenye vidole visivyotii bado. Huyo mtobolee matundu kabla, au mwache achague kitambaa na wewe ushone.

2. Sinia la Bahari ya Shamu

Sinia pana, nusu yake kitu cha buluu, nusu mchanga, na watu wadogo wa plastiki wanaovuka. Mtoto hupasua bahari kwa mikono yake.

*Mkono.* Hapa ndipo penye utajiri. Mchele uliotiwa rangi huteleza vidoleni na hauachi alama. Chumvi ya mawe huchoma kidogo kama kuna mkwaruzo, lakini inapendeza, na ina maana yake pia, kwani maji ya chumvi yapo mezani kukumbusha machozi ya utumwani. Mchanga mkavu humfaa anayependa kuzika mikono. Usitumie zile shanga za maji zinazovimba. Zikimezwa huendelea kuvimba tumboni na huweza kuziba utumbo, na mwishoni mwa 2023 maduka makubwa ya Marekani yaliacha kuziuza kama vitu vya watoto.

*Sikio na pua.* Mchele ukimwagika juu ya sinia la chuma ni mvua juu ya bati. Mdogo huifurahia, mkubwa huziba masikio. Tandika taulo chini, au tumia la plastiki. Rangi hushikizwa kwa kijiko cha siki, na harufu yake hukaa siku nzima. Utie rangi juzi yake, uanike nje.

*Muda.* Kutengeneza ni dakika 20. Kucheza hakuna mwisho, na kuacha ni rahisi: unafunika.

*Hametsi.* Mchele ni kitniyoti, kwa hiyo uliza. Siki nyingine hutoka kwenye nafaka, kwa hiyo soma kibandiko. Chumvi na mchanga havina maswali, na mimi sasa hutumia hivyo tu.

*Mezani.* Udhaifu wake uko hapa. Sinia halikai kwenye meza yenye divai na vitambaa vyeupe. Sisi huliweka sakafuni, pembeni, kwenye mkeka, na hadithi ya kutoka Misri inaposomwa, ambayo ndiyo sehemu ndefu kabla ya chakula, watoto huwa huko. Kwa wengine hilo ni faida, maana mtoto yu ndani ya Seder bila kukaa kitini. Bibi yao wa upande wa mama hakuona hivyo mwaka wa kwanza. Alitaka wajukuu mezani. Mwaka wa pili alishuka mkekani mwenyewe.

*Anayemfaa.* Mtafuta hisia, mtoto mdogo, na familia yenye watoto wa umri tofauti. Haifai palipo na mtoto anayetia kila kitu kinywani, na usiipeleke kwenye nyumba ya watu yenye zulia jeupe.

3. Sahani ya Seder ya kufinyanga

Sahani halisi hubeba vitu vya ishara: mboga chungu, haroseti (rojo tamu la matunda), mboga ya kuchovya, mfupa, yai. Watoto hufinyanga sahani, au visahani vidogo vya kuwekwa juu yake.

*Mkono.* Hii ndiyo kazi pekee kati ya nne inayotaka misuli kwelikweli: kukanda, kusukuma, kubana. Mdogo wetu hukanda nusu saa akalala mchana bila kubembelezwa. Mkubwa aliuona donge akaondoka chumbani. Tulijaribu kumvika glavu, akazivua. Mwishowe tulilitia donge ndani ya mfuko mnene wa plastiki wenye kufungika, akalibana akiwa nje ya ule unyevu. Alikubali kwa dakika tano, na dakika tano kwake ni nyingi.

*Sikio na pua.* Kimya. Udongo wa dukani unaokauka wenyewe una harufu ya ardhi iliyolowa, na wapo wanaoichukia.

*Muda.* Haikatiziki vizuri. Ukiacha, hukauka na kupasuka. Na baada ya kufinyanga kuna kungoja siku moja au mbili kabla ya kupaka rangi, jambo gumu kumweleza mtoto anayetaka kuona mwisho leo.

*Hametsi.* Unga wa ngano na chumvi utumike wiki kadhaa kabla, nje ya jiko la Pasaka, au usitumike kabisa. Badala yake chemsha vikombe viwili vya bekingi soda, kikombe kimoja cha wanga wa mahindi na kikombe kimoja na robo cha maji, ukikoroga mpaka vishikane kama viazi vilivyopondwa. Hupoa kuwa donge jeupe laini. Wanga wa mahindi ni kitniyoti, lakini hakuna atakayeula. Kwa nyumba yenye msimamo mkali, nunua udongo wenyewe.

*Mezani.* Inakaa katikati na wageni huisifu. Usiweke chakula moja kwa moja juu yake. Weka vikombe vidogo vya kioo ndani ya kila kisahani. Inadumu miaka, isipoangushwa.

*Anayemfaa.* Anayetafuta nguvu, mwenye subira ya kungoja, na familia inayotaka kumbukumbu ya kurithisha.

4. Chupa za mapigo

Chupa ya plastiki ya nusu lita, maji vuguvugu, gundi angavu, na vitu vidogo ndani. Kadiri gundi inavyozidi ndivyo vitu vinavyozama polepole. Mtoto hutikisa, hutazama, hutulia.

*Mkono.* Ukishafunga kifuniko kwa gundi kali, mkono haukutani na chochote ila plastiki laini baridi. Kwa mkubwa wetu hii ilikuwa mara ya kwanza kushika kitu chenye majimaji bila kilio. Kumimina ni kazi ya mtu mzima. Yeye alidondosha vyura kwa koleo.

*Sikio na pua.* Karibu hakuna kitu, mradi usitie shanga nyingi zikagongana.

*Muda.* Dakika kumi kila chupa. Usijitie kutengeneza kumi zote. Tulifanya tano: damu (maji mekundu ndani ya mafuta ya kupikia, ambayo hayachanganyiki hata utikise vipi), vyura, mvua ya mawe, nzige wa plastiki, na giza, yaani maji meusi yenye chembe chache za kung'aa. La kumi, la kufa kwa vifungua mimba wa Misri, tuliliacha, maana mkubwa ni kifungua mimba, na alipoisikia hadithi alijinyooshea kidole. Hilo tulilizungumza siku nyingine, kwa utulivu, na baba yake.

*Hametsi.* Hakuna.

*Mezani.* Mapigo yanaposomwa kila mtu hudondosha tone la divai kwa kila pigo, na mtoto asiyependa kuchovya kidole hutikisa chupa yake. Zaidi ya hapo, chupa ni mahali pa kukimbilia macho kelele za nyimbo zinapopanda. Ila ni kitu cha mtu mmoja. Haileti familia pamoja kama mfuko au sinia.

*Anayemfaa.* Mkwepa mguso, mtoto anayelemewa na wageni wengi. Mtafuta nguvu ataichoka mara moja, au atairusha.

Kwa hali yako

Una watoto wawili wasiofanana kama wangu? Usiwalazimishe kazi moja. Mmoja afinyange, mwingine atengeneze chupa, wakae meza moja. Sisi tulipoacha kutafuta kazi ya wote, ugomvi ulipungua.

Mnaalikwa kwa watu? Mfuko au chupa, vinavyoingia kwenye mkoba. Sinia libaki nyumbani.

Kama mtoto hustahimili vyema mchana na huvunjika jioni, angalia zaidi swali la tano kuliko la kwanza. Seder ina hatua 15 na nyumba nyingine huvuka saa sita za usiku. Mfuko humpa miadi mawili usiku ule, chupa humpa pumziko, sinia humpa pa kukaa. Sahani kazi yake imekwisha kabla wageni hawajafika, na kwa mtoto anayependa kufanya kisha kujiondokea, hilo ndilo zuri lake.

Kama mtoto hataki kutengeneza chochote, mpe kazi ya kuvunja matza ya mazoezi, maana ule mlio wa kukatika wengine huupenda sana na wengine huuogopa, na ni heri ujue kabla ya usiku wenyewe. Au mwachie usiku wa kuamkia siku ya Seder, familia inapotafuta hametsi ya mwisho kwa mshumaa, unyoya na kijiko cha mbao, huku vipande kumi vya mkate vikiwa vimefichwa makusudi. Nyumba ina giza, watu wananong'ona, kila mtu anatembea taratibu. Mkubwa wetu anaupenda usiku huo kuliko Seder yenyewe.

Na kama Seder ni leo jioni na hujashika hata sindano, vua foronya ya mto anaoulalia mtoto kila siku, ikung'ute makombo, umpe utepe mmoja achague rangi. Ameshaizoea ngozini na harufu yake ni ya kwao. Afikomani itaingia bila shida.